Mkono wa nani umefanya hii?

Hotuba hii ilitolewa Lubumbashi mbele ya wazazi na walimu wa shule za maternele, yaani za watoto wadogo kabla ya shule ya msingi, za makanisa, mvua za Novemba zilipokuwa zimeanza. Tunaiweka yote hapa kwa ajili ya wale waliokosa njia siku ile. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Bwana asifiwe!

Bwana asifiwe tena! Akina mama wameitika vizuri. Akina baba bado wanapangusa matope kwenye viatu, tuwangoje kidogo.

Wachungaji wetu, Padri, baba na mama, walimu wenzangu: asanteni kwa kuvuka mvua hii kutoka Katuba, kutoka Ruashi, kutoka Kampemba. Niliombwa niseme juu ya kazi za mikono za kila msimu na desturi za kila siku darasani. Baba mmoja ameniuliza pale mlangoni, "Mama, saa nzima juu ya karatasi na gundi?" Ndiyo, baba yangu, saa nzima, na haitatosha. Mtoto wa miaka mitatu hasikilizi mahubiri. Anashika, anaonja, anaimba, anarudia. Imani yake iko kwenye vidole na kwenye ulimi. Tukivichezea vidole vyake, tumechezea nini?

Leo nina swali moja, na nitalirudia mpaka mnichoke. Kazi hii, mkono wa nani umeifanya?

Mwaka fulani nilialikwa kwenye sherehe ya kufunga mwaka katika shule moja ya hapa mjini. Sitaitaja. Ukutani walikuwa wamebandika kondoo, safu kwa safu, kwa habari ya Mchungaji Mwema. Kondoo wazuri kweli! Pamba nyeupe mgongoni, miguu minne ya karatasi nyeusi, jicho la duara limekaa pale pale panapostahili jicho. Mama mmoja, amevaa kitenge kipya, anamtafuta kondoo wa mwanawe. Anapita, anarudi, anapita tena. Mwishowe akamwita mama mwalimu. Mama mwalimu akafanyaje? Akaanza kuwafunua mmoja mmoja asome majina, maana majina yaliandikwa nyuma. Na mtoto mwenyewe amesimama pale, kidole mdomoni, hamjui kondoo wake. Angemjuaje? Hakumfanya.

Yohana sura ya 10 inasemaje, walimu? Mchungaji huwaita kondoo wake kwa majina yao. Na hawa wetu wa ukutani, hata mama mzazi hakuweza kumtambua mmoja.

Mkono wa nani uliwafanya? Mkono wa mwalimu, usiku, kwa mwanga wa simu, umeme umekatika. Namhurumia. Najua pia kwa nini alikesha: mzazi amelipa, mzazi anataka kuona kitu safi, na kisipokuwa safi atasema shule ile ya jirani ni bora. Kwa hiyo msimcheke mwalimu peke yake. Yeye anawadanganya, na ninyi mnapenda kudanganywa.

Mnataka kujua kondoo wa mtoto wa miaka mitatu anafananaje? Ana kichwa, na miguu imetoka kichwani. Tumbo hakuna. Akichora baba yake ni hivyo hivyo: duara, macho mawili, miguu miwili mirefu inayoteremka kutoka kidevuni. Msikasirike, akina baba. Watoto wa Lubumbashi wanachora hivyo, wa Ubelgiji wanachora hivyo, wa China wanachora hivyo. Tumbo linakuja baadaye, akikaribia miaka mitano, na linakuja lenyewe bila kuitwa. Ukiingia darasa la watoto wadogo ukakuta ukutani hakuna hata mtu mmoja mwenye miguu kichwani, uliza: mkono wa nani umefanya hii?

Kuna atakayesema, "Mama, ukimwacha achore anavyotaka, atajifunza lini kuchora vizuri?" Jibu liko hapa hapa mjini kwetu. Mwaka 1946, mji ungali unaitwa Élisabethville, Mfaransa aitwaye Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Aliwapa rangi, aliwapa karatasi, akakataa kuwapa picha za Ulaya waige. Nini kikatoka? Mwenze Kibwanga akajaza picha zake kwa mistari mifupi mifupi mpaka mwili wa mnyama unatetemeka. Pilipili Mulongoy akachora ndege na samaki, na nyuma yao nukta, nukta, nukta. Bela akaweka burashi kando, akachora kwa ncha za vidole.

Kwa vidole, ndugu zangu! Jambo lile lile mnalonililia kila Ijumaa: "Mtoto anarudi na rangi kwenye kucha, mimi namlipia mchezo?" Mwaka 2015 kazi za hao watatu zilitundikwa Paris, watu wakalipa kiingilio kuziona.

Na malalamiko hayo juu ya mchezo si mapya. Friedrich Fröbel, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, alifungua shule yake ya watoto wadogo Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837. Darasani mwake mlikuwa na mpira wa sufu, vipande vya mbao, karatasi za kukunja, karatasi za kusuka, udongo wa kufinyanga. Mnavitambua? Ndiyo nusu ya kabati langu. Aliamini kwamba mtoto akishika vitu hivi anaanza kuona mpango wa Mungu katika uumbaji. Mwaka 1851 serikali ya Prussia ikapiga marufuku shule za aina hiyo. Kwa kosa gani? Ati zinafundisha kumkana Mungu! Mtoto wa pasta, anashtakiwa hivyo kwa ajili ya mpira wa sufu. Alikufa mwaka uliofuata, na marufuku haikuondolewa mpaka 1860. Kwa hiyo mkija kunilalamikia, nitawasikiliza kwa upole. Wenzangu wamesikia makubwa zaidi.

Sasa tuje kwenye misimu, na hapa nitakaa.

Noeli inakuja, na tayari najua nani amenunua pamba ya theluji. Theluji! Nani hapa ameshika theluji? Mikono juu. Padri, wewe umesoma Ubelgiji, wewe hauhesabiwi. Basi tunamfundisha mtoto wa mtaa wetu wa Kenya, mtoto wa Kamalondo, kwamba Yesu alizaliwa kwenye pamba? Mtoto akitazama nje ya dirisha Desemba anaona nini? Mvua. Embe limedondoka. Mama anapita na uyoga kichwani. Ardhi yote imefunguka, sisi tunamfungia dirisha na kumpa pamba.

Msimu wetu tunao, tena mkali, haujifichi. Shule inafunguliwa Septemba, mvua bado, lakini miti ya miombo imeshatoa majani mapya, na majani hayo ni mekundu, rangi ya shaba. Nani aliwaambia watoto wenu? Tukawakusanyisha, tukayabandika, na watoto wakashangaa kuona jani jipya ni jekundu kisha linageuka kijani. Oktoba mijakaranda inamwaga maua barabarani, zambarau mpaka kwenye mitaro. Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi wanaruka, na siku hiyo hakuna somo, msijidanganye. Tunakusanya mabawa yaliyoanguka. Yanashikwa vizuri na gundi, na kila moja lina mishipa yake midogo ambayo mtoto anaiona kabla yako.

Halafu Majilio, majuma yale ya kuingoja Noeli. Kila mtoto anapanda punje ya mahindi kwenye uzio wa shule. Moja tu, kwa kidole chake mwenyewe, na kijiti chenye alama aliyoichagua. Tunawasomea Yohana 12: chembe isipoanguka katika nchi ikafa, hukaa hali iyo hiyo peke yake. Hatuwaelezi sana. Pasaka ikikaribia, sokoni kuna mahindi mabichi ya kuchoma, na pale uzioni kuna ya kwetu. Wengine punje zao hazioti. Kuku amepita, au maji yametuama. Mwalimu kijana atataka kupanda nyingine usiku kwa siri ili mtoto asilie. Mwalimu, usifanye hivyo! Mtoto alie, kisha mpande naye tena mchana. Mkono wa nani?

Udongo. Hapa nataka mafundi wa matofali waniunge mkono: udongo wa kichuguu hauna mpinzani. Unaupondaponda, unauchekecha mawe yatoke, unauloweka usiku kucha, asubuhi unaukanda na kuufunika kwa gunia bichi. Haupasuki haraka na hauuzwi dukani. Neno moja la kuonya, na hili si utani. Msichukue udongo karibu na viwanda vya kuyeyusha shaba wala kwenye njia za malori ya madini. Udongo ule una chembe za metali, na mtoto anatia vidole mdomoni siku nzima. Na yale mawe ya kijani ya malakiti, watoto wayatazame, wasiyaponde. Vumbi lake ni sumu. Kichuguu kiwe cha mbali, na mikono inawe kwa sabuni baadaye.

Kwa udongo huo tunafinyanga pango la Noeli. Mnajua nani alianzisha desturi hiyo? Fransisko wa Asizi, kijiji cha Greccio, Italia, Noeli ya mwaka 1223. Alitumia ng'ombe na punda walio hai na hori lenye nyasi kavu, vitu vya wakulima waliokuwa pale. Wasio Wakatoliki mnanisamehe, lakini mtu huyo alielewa maternele.

Mwaka mmoja kikundi cha watoto wakubwa, wa miaka mitano, walikuwa wanafinyanga wageni wa kumtembelea mtoto Yesu. Mmoja akakaa pembeni muda mrefu, ulimi nje, anahangaika na waya na udongo. Akaja na baiskeli. Magurudumu mawili ya waya yasiyo sawa, na juu yake magunia, la kwanza, la pili, la tatu, yamefungwa kwa uzi. Mama mwalimu akauliza, "Huyu ni nani?" "Ni baba wa makala," yaani muuza makaa. "Na anafanya nini Betlehemu?" Mtoto akamtazama kama anavyotazamwa mtu asiyeelewa. "Mtoto Yesu yuko uchi. Kuna baridi."

Mnawajua wale baba wa makala, wanaotoka porini alfajiri wakisukuma baiskeli mlimani, magunia yamewazidi urefu. Dhahabu, uvumba, manemane, na makala. Nani angebuni hilo? Mwalimu gani, kitabu gani cha kupaka rangi? Katika karatasi zile za fotokopi mnazonunua, kuna nafasi ya baba wa makala?

Na baiskeli hiyo imetupa jambo lingine. Mwaka 1839, mchungaji Johann Hinrich Wichern alikuwa analea watoto maskini huko Hamburg. Watoto walimuuliza kila siku: Noeli lini, Noeli lini? Akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo ya siku za juma na minne mikubwa ya Jumapili, wakawa wanawasha mmoja kila siku. Shada la Majilio ambalo leo mnaliona kwenye makanisa makubwa limetoka hapo, kwenye gurudumu kuukuu. Sisi tuna nini hapa? Rimu za baiskeli! Tunafunga rimu kwa majani ya mwembe, na badala ya mishumaa midogo tunafunga vizibo vya chupa vilivyopakwa rangi. Kila asubuhi mtoto mmoja anageuza kizibo kimoja. Mishumaa ni minne tu, anaiwasha mwalimu, na inakaa juu, mbali na vidole.

Pasaka nitaisema kwa kifupi, ila kitu kimoja lazima. Wafua shaba wa Katanga, kabla mmisionari yeyote hajafika, walimimina shaba kwenye kalibu za msalaba wenye mikono minne. Ilikuwa pesa. Katika makaburi ya zamani ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, misalaba hiyo imekutwa pamoja na wafu. Wakati wa Kwaresima watoto wetu wanabonyeza udongo kwenye kalibu ya namna ile, wanaupaka udongo mwekundu mpaka ung'ae. Tunawaambia ukweli: babu zetu hawakuufanya kwa ajili ya Yesu, waliufanya kwa ajili ya soko. Mchungaji mmoja alinijia juu: "Mama, hicho ni kitu cha kipagani." Nikamuuliza, "Pasta, na ule wa Waroma ulikuwa wa nini?" Hatujakubaliana mpaka leo. Bado ananisalimia.

Kiangazi nakipita haraka: Juni baridi inauma, gundi inakauka polepole, watoto wana makamasi, tunashona vitambaa na kutengeneza magari ya waya. Basi.

Ndugu zangu, kazi za msimu mnaziona kwa sababu zinarudi nyumbani mkononi mwa mtoto. Desturi za kila siku hamzioni, na ndizo zinazobeba shule. Asubuhi mwalimu yuko mlangoni, ameinama hadi macho yake yalingane na ya mtoto, anamsalimu kwa jina na kwa mkono. Kila mmoja. Hata aliyechelewa. Kisha wimbo. Kisha mtoto wa zamu anakwenda mlangoni kutazama mbingu na kutuletea habari, na habari yake inakubaliwa hata akisema kuna jua na sisi tunasikia matone kwenye bati. Kisha tunauliza: nani hayupo? Watoto wanatazamana, wanamtaja asiyekuja, na tunamwombea kwa jina lake kabla ya kujiombea sisi. Ndiyo yote. Kila siku hivyo, neno kwa neno, bila kubadilisha. Mnaona inachosha? Ninyi mnachoka. Mtoto wa miaka minne hachoki.

Siku moja mvua iliziba njia, mama mwalimu wa wakubwa hakufika. Tukampeleka mwingine, kijana mzuri mwenye diploma, hajui desturi za darasa lile. Akaingia, akasema, "Bonjour les enfants, kaeni, tufungue madaftari." Hakuna aliyekaa. Akarudia. Hakuna. Alidhani ni utukutu, akaja kuniita. Nilipofika nilikuta msichana mmoja mdogo amepanda juu ya tofali la kuzuia mlango, mikono kiunoni, anauliza wenzake, "Nani hayupo?" Wakajibu kwa pamoja, "Mama mwalimu!" Wakafumba macho, wakamwombea asianguke kwenye matope. Wakasema amina, wakakaa, wakafungua madaftari. Yule kijana amesimama ubaoni na chaki.

Swali letu, tena. Ibada ile ya asubuhi, mkono wa nani uliifanya?

Saa ya kula, vitafunwa vyote vinaingia kikapu kimoja. Biskuti za yule, karanga za huyu, na kuna ambao hawakuleta kitu. Tunaomba, tunagawa. Najua baadhi yenu hampendi. "Mimi nilimnunulia mwanangu biskuti, kwa nini amekula kipande cha bukari, ugali, tena baridi?" Mama yangu, kwa sababu mwanao ameomba asubuhi "utupe leo riziki yetu". Utupe. Mwacheni agawane.

Na hayo yote, mtaniuliza, kwa lugha gani? Nawajua, mnataka Kifaransa kuanzia mlangoni. Kifaransa kitakuja, tunakiimba kila siku. Lakini mtoto anayelia kwa Kiswahili, ataombaje kwa lugha nyingine? Sheria ya elimu ya mwaka 2014 yenyewe imezipa lugha zetu za taifa nafasi darasani. Sala ya asubuhi kwetu ni ya Kiswahili, hilo sitalijadili leo.

Namalizia kwa mambo ya kuleta. Kabla ya Majilio tunahitaji rimu za baiskeli zilizokufa, vizibo, katoni, nyuzi za magunia, magazeti. Tunahitaji unga wa muhogo kwa gundi: unaukoroga kwanza na maji baridi, kisha unauchemsha mpaka ung'ae, na mtoto akiulamba hafi. Pamba ya theluji mbaki nayo nyumbani. Na kazi ikirudi mikononi mwa mtoto, imepinda, mguu umetoka kichwani, msimuulize "hii ni nini?" Mwambieni, "Nieleze." Halafu mnyamaze, hilo ndilo gumu.

Pale nyuma kuna meza, na juu ya meza kuna madonge ya udongo wa kichuguu chini ya gunia bichi. Hakuna anayetoka kabla hajachukua donge moja na kufinyanga mgeni mmoja wa pango la Noeli. Baba, weka simu mfukoni. Pasta, kunja mikono ya shati. Mama walimu watapita kati yenu kutazama, na nimewakataza kumsaidia mtu yeyote.